Dizeli ya Mzee Faki

Juzi nikijaza dizeli Chake Chake, nilijikuta namkazia macho mwenye pampu kana kwamba yeye ni mwizi. Harufu ile ikanirudisha uani kwetu Ole, alasiri moja, karafuu zimeanikwa majamvini.

Baba alitaka gari kubwa la kutuchukua sote. Ami Suleiman, nduguye, alimshauri achukue la dizeli, maana lina nguvu na halili mafuta.

"Na dizeli nitainunua kwa nani?" baba aliuliza.

Muuzaji wa dizeli alikuwa mmoja tu, Mzee Faki, naye alikuwa wa chama kingine. Miaka ile hatukununua kwao, wala wao hawakuja kutuzikia.

"Atatutilia maji," bibi alisema, akizigeuza karafuu.

Mimi nilidhani dizeli yenyewe ina chama. Lori likipita niliziba pua, nisionekane naivuta.

Baba akanunua la petroli. Safari ya kwanza tu, tumejaa mpaka mlangoni, likazimika kilimani. Mzee Faki akatokea na lori lake, akashuka na kamba mkononi.

"Ahsante, Mzee," baba alisema. "Tunapumzika tu."

Tulipumzika pale mpaka magharibi.