Filter yangu ya spam ilimzuia baba aliyekuwa anaombea macho ya mwanaye

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Hii si chai ya kutunga. Ingekuwa chai ningejipa nafasi nzuri zaidi, maana humu ndani mkosaji ni mimi. Ila mficha uchi hazai, acha niseme.

Mimi ni mtu wa IT kwenye shirika dogo hapa Mbeya, ofisi yetu iko pande za Iyunga. Tunatafuta watoto wenye matatizo ya macho vijijini, tunawaandikisha, halafu mara moja kwa mwaka madaktari bingwa wanakuja Iringa kwa wiki moja kuwafanyia upasuaji. Ukikosa wiki hiyo, subiri mwakani.

Matangazo tunabandika makanisani na kwenye ofisi za vijiji: mzazi mwenye mtoto wa hivi na hivi atuandikie email. Asiye na email anaenda steshenari mjini, anamwelezea mwenye duka shida yake, anachapiwa na kutumiwa.

Sasa kuna kipindi tulipigwa na spam mpaka tukakoma. Mhasibu wetu alifungua email ya "mjane mcha Mungu", akabofya link, na kesho yake anwani yetu ikawa inatuma uchafu kwa wafadhili wote. Hadi askofu aliupata.

Bosi akaniita. "Kijana, sitaki kuona takataka tena."

Nikaingia mzigoni. Nikagundua matapeli wana kawaida moja, wanaanza na Mungu. Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, Shalom wapendwa, ndipo shida inafuata. Basi nikaandika sheria: email ikianza na salamu za dini inapewa alama mbaya. Salamu zikiwa ndefu, alama zinaongezeka. Mtu akirudia ombi lile lile, zinaongezeka tena. Zikifika kiwango, email inaingia karantini, yaani folder la email zilizozuiwa, kimya kimya na aliyeiandika haambiwi kitu.

Najua waliokulia huku Nyanda za Juu wameshaanza kunicheka. Mama yangu mwenyewe, Mnyakyusa wa Tukuyu, hawezi kuomba chumvi kwa jirani kabla hajauliza habari za watoto, shamba na ng'ombe. Ila mbele ya kompyuta nilijisahau kama vile sikulelewa naye.

Spam ikaisha. Kila Jumatatu natuma ripoti, bosi ananisifu mbele ya watu, kichwa kinavimba. Karantini yenyewe sikuifungua hata siku moja kwa miezi minne.

Jumatano moja akaja mezani kwangu Mama Sanga, mratibu wetu, mama wa Kibena mpole sana. Orodha ya upasuaji ilikuwa inafungwa Ijumaa.

"Mwanangu, mwaka huu bonde zima la Usangu hakuna mtoto anayeumwa macho? Hebu niangalizie."

Nikafungua karantini. Katikati ya utapeli wote ule kulikuwa na wazazi kumi na saba wa kweli.

Mmoja aliandika mara nne. Anaitwa Masanja, mfugaji, Msukuma ambaye familia yake ilihamia Usangu na ng'ombe wao. Kila alipokuja mnadani alikuwa anapita steshenari. Binti yake Kabula, miaka minne, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili.

Barua ya kwanza ilikuwa fupi: Tumsifu Yesu Kristo, habari za kazi, naomba mnisaidie mtoto. Ya pili alisalimia na familia zetu. Ya tatu aliuliza mvua za Mbeya zinaendeleaje, na mlinzi wetu wa getini kama hajambo.

Ya nne ilikuwa ukurasa mzima wa salamu, shida yenyewe mistari mitatu tu. Mwishoni aliandika: "Kama kuna mahali nimekosea kuwasalimia, naomba mnisamehe na mnielekeze."

Wakuu, nililia pale pale kwenye kiti.

Yule baba alidhani tumenyamaza kwa sababu amekosa adabu, basi akaongeza adabu. Na kila alivyoongeza, mtambo wangu ulizidi kuamini ni tapeli.

Nikamweleza Mama Sanga kila kitu. Hakunifokea. Alivuta kiti akasema, "Chukua simu."

Tulipiga jioni ile na Alhamisi kutwa. Namba kwenye barua za Masanja ilikuwa ya dada wa steshenari. Akasema Masanja yuko machungani, hana mtandao. Halafu, Mungu ambariki, akafunga duka akapanda bodaboda kumfuata mwenyewe. Ijumaa asubuhi Masanja akapiga, na Kabula akawa jina la mwisho kwenye orodha.

Niliomba ruhusa nikaenda nao Iringa. Daktari alituambia Kabula angechelewa mwaka mwingine, macho yangeweza kushindwa kabisa kujifunza kuona.

Siku ya pili baada ya kufunguliwa bandeji, Kabula alikuwa amekaa kitandani anakula. Wali ukamwagika kidogo kwenye shuka. Akaanza kuokota punje, moja moja, anampa baba yake mkononi. Masanja anapokea na kusema asante kwa kila punje. Mimi nikatoka nje.

Aliponifuata nikamwambia ukweli, kwamba barua zake zote zilifika na aliyezizuia ni mimi, kwa sababu ya salamu.

"Kumbe nilirefusha sana," akasema. "Nisamehe bosi wangu, niliwachosha."

Yeye ndiye anayeniomba msamaha mimi.

Sheria ile nimeifuta. Siku hizi anayezuiwa anatumiwa ujumbe na namba ya kupiga, na kila asubuhi mimi na Mama Sanga tunapitia karantini kwa macho yetu. Utapeli kidogo unapenya, bosi ananung'unika, na mimi nampa pole. Nilichojifunza ni kwamba kuzuia ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kurudi kuangalia umemzuia nani.

Wenye povu la hasira ruksa, nimestahili. Na wewe unayesimamia email za ofisi, fungua lile folder leo kabla hujatoka, kisha uje utuambie umemkuta nani.

Mimi kati ya wale kumi na saba nimewapata kumi na watano. Wawili simu zao hazipatikani, na nimewapigia tena leo asubuhi.