Bado kwa Kiingereza

Harufu ya matembele yaliyopondwa hunirudisha Butembo, kwenye darasa letu la mbao. Ubao wetu ulikuwa umechujuka na rangi haikupatikana, basi kila Jumatatu sisi wasichana tuliponda majani ya matembele pamoja na unga mweusi wa betri za redio zilizokufa, tukaupaka mpaka ukawa mweusi kama tako la sufuria. Mikono yetu ilinuka hadi jioni. Nje ukungu ulilala juu ya mikaratusi, na baridi ilitufanya tubanane kwenye madawati bila kugombana. Ilikuwa miaka ya vita, nami nilikuwa mgeni pale.

Mama alikuwa amenituma kwa mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, ili nisome kwa amani. Yeye alibaki kwetu Mbau avune maharage kwanza, kisha anifuate. Penye nia pana njia, husema watu. Nia mama alikuwa nayo tele, njia ndiyo iliyokatika. Askari walipigana kaskazini ya Beni, malori yakaacha kuja, na habari nazo zikakoma. Kila Jumapili tukitoka kanisani, watu walimuuliza mama mdogo kama dada yake amefika. Alijibu neno moja tu, "Bado," huku akinishika bega. Nililipenda sana neno lile, kwa kuwa halikuwa hapana. Lakini miezi ilipopita, wengine walianza kuuliza kwa sauti ya chini, ile ya matangani, na hao niliwachukia waziwazi.

Faraja yangu ilikuwa somo la Kiingereza. Prof Kasereka, ndivyo tulivyomwita mwalimu wetu, kijana mwembamba mwenye koti moja la kahawia, alikuwa amekiokota Kiingereza chake Kasese, ng'ambo ya mpaka, na alikipenda kama mtu anavyompenda mtoto wa kulea. Sisi tulimtesa. Kwa ulimi wetu wa Kinande, "play" na "pray" ni neno moja, hivyo Jumapili tulicheza kanisani na Jumamosi tukasali mpira. Alicheka nasi, kisha akaturudisha mwanzo. Vitabu hatukuwa navyo. Mtihani ulipokaribia, alianza marudio: msamiati kwanza, halafu shairi aliloliandika ubaoni, halafu maswali yake ya siku zote: nani anasema, anaona nini, moyo wake ukoje.

Siku moja shairi lilimhusu mtu anayeondoka kwao alfajiri. Anafunga mlango kwa kamba, anawaacha kuku, na akifika mtoni anageuka kutazama kilimani. Mstari wa mwisho ulisema: "The house is still." Kijana mmoja wa mbele, bingwa wetu, alisimama akaeleza vizuri kabisa. Nyumba ni kimya, alisema, haina hata moshi. Kwa hiyo wenyewe wamekufa, na mshairi analia kilio. Darasa zima likaandika. Mimi sikuandika. Nilikuwa nimelijifunza neno lile la mwisho, "still", juma moja kabla, katika sentensi ya mtoto ambaye bado anakula, na sikuwa na habari kwamba lina maana nyingine. Nilijiona nimesimama.

"Prof, hapana," nilisema. "Ile nyumba iko bado. Na mwenye alibakia ndani, naye iko bado."

Walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Prof hakucheka. Aligeukia ubao, chaki mkononi.

"Kwa grammaire, Kavira iko na kosa," alisema taratibu, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake. "Mais mwenye aliandika hii shairi, yeye mwenyewe hajue kama nyumba yake iko bado. Donc tutaandika yote mbili."

Akaandika, kimya upande huu, bado upande ule. Baadaye ndipo tulipojua kwamba shairi lilikuwa lake, na nyumba ilikuwa ya wazazi wake, kusini, upande wa Kayna.

Mama alifika wakati wa kiangazi, kwa miguu, pamoja na wanawake wengine. Nyumba yetu ilikuwa imeungua, maharage yameliwa na wasioyapanda. Alinikumbatia, kisha akanigombeza kwa ajili ya nywele zangu. Sijawahi kufurahia kugombezwa kama siku ile.

Leo nafundisha Kiingereza Beni. Wanafunzi wangu wana vitabu, wana simu zinazowapa maana kabla sijamaliza kuuliza, na hawasali mpira. Nafurahi kwa ajili yao, na nawaonea wivu kidogo. Barabara ya Mbau, lakini, hadi leo ina siku zake mbaya. Mama anaishi nami. Juma lililopita nilirudi mchana nikamkuta uani, kichwa kimeinama, mikono imetulia juu ya ungo, hasogei hata kidogo. Nilisimama mlangoni, mwalimu mzima, nisithubutu kumgusa. Nilimwita polepole. Nilipomwita tena kwa sauti kubwa alifungua macho, akanitazama kwa hasira ya mtu aliyekatizwa usingizi.

"Kavira, acha makelele," alisema. "Niko."