Kungoja Goti

Mwezi uliopita nilipeleka suruali mbili kwa fundi cherehani pale Mwanga. Kwa kuwa fundi alikuwa hajaanza kazi aliyoapa kwamba ameimaliza, ilinibidi nikae kwenye benchi lake nikingoja. Kibanda cha jirani kilikuwa cha michezo ya runinga, ile ya kupigana kwa vitufe, na vijana walikuwa wamejazana humo kama dagaa kwenye karai. Mmoja wao, mwenye jezi iliyopauka, alikuwa amekazania pigo moja tu. Badala ya kujikinga kama wenzake, aliiacha ngumi ya adui ije hadi usoni, kisha akabonyeza kitufe wakati uleule inapogusa, ili nguvu za adui zimrudie mwenyewe. Akiwahi, anapigwa. Akichelewa, anapigwa. Na alikuwa akipigwa.

"Jilinde kama watu, acha ujinga!" mwenzake alimfokea.

"We hujui kitu. Kuna mwana yuko Kasulu anaitoa kila mara, hashikiki."

"Umemwona?" niliuliza kutoka kwenye benchi.

Waligeuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemwona huyo wa Kasulu?"

"Sijamwona, mzee. Nimesikia."

"Basi humjui."

Walicheka, mmoja akasema mzee ameanza. Mwenye jezi, bila kuondoa macho kwenye kioo, akauliza: "Sasa mzee, we unaonaje? Inalipa au hailipi?"

Sikumjibu. Swali lake lilikuwa la haki, lakini jibu langu halikutosha kupitishwa juu ya ukuta mfupi wa mabati huku cherehani ikilia. Nalitoa hapa, kwako wewe msomaji uliye na subira, na nalitoa kwa sababu nyingine pia: kisa hiki nimekwisha kukisikia kikisimuliwa na watu wasiokijua. Kwenye matanga fulani huko Bangwe, mtu ambaye hata hakuwa amezaliwa wakati ule aliwaeleza waombolezaji kwamba zamani mtoto mmoja wa kikimbizi alivaa hirizi, akambwaga mtoto wa mwenye mitumbwi, na tangu siku hiyo watu wa mwalo, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia, wakatupokea kama ndugu. Msibani sikubisha. Hapa nabisha. Mtoto yule ni mimi, hirizi haikuwapo, na undugu huo sikuuona.

Tulikuja Bangwe kwa mtumbwi, bibi yangu na mimi, katika ile miaka ambayo kila wiki ziwa lilitema watu kutoka upande wa Burundi. Wengi walipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi huko bara, kufyeka msitu na kulima. Sisi tulibaki pwani kwa sababu bibi alijua kazi moja tu, nayo ni kuanika dagaa, na dagaa hawaoti msituni.

Wewe uliyezaliwa siku za karibuni umezoea kuwaona wakianikwa juu ya vichanja vya waya. Zamani walianikwa chini, na chini hapakuwa sawa kila mahali. Upande wa kaskazini wa mwalo palikuwa na mchanga mweupe uliochanganyika na changarawe, mahali ambapo dagaa walikauka kabla jua halijawa la utosini, wakang'aa kama sindano. Upande wa kusini, penye kijito, palikuwa na mchanga mweusi wenye unyevu, njia ya mbuzi na makao ya bata. Dagaa wa kaskazini walinunuliwa na wafanyabiashara waliokwenda na treni hadi mbali. Wa kusini walinunuliwa na wafuga kuku. Sina haja ya kukueleza wakimbizi walianika wapi.

Uvuvi ule ulifuata mwezi. Wakati wa giza mitumbwi ilitoka na taa za karabai, ziwa likaonekana kama mji. Mbalamwezi ikija, dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi ilipumzika, nyavu zikashonwa, na mwalo ukabaki mtupu. Ndipo mzee wa mwalo, aliyechoshwa na ugomvi wa kina mama juu ya mchanga, alipotoa hukumu yake: kila mbalamwezi watoto wa pande mbili, wenyeji na wageni, wapigane mieleka, na upande utakaoshinda uchague mchanga giza litakaporudi. Watu waliisifu sana busara hiyo. Mimi naiita uvivu. Mtu aliyepewa kazi ya kuamua aliwatupia watoto kazi yake.

Hatukuwahi kushinda. Mshindani wao wa mwisho alikuwa kila mara yuleyule, mtoto wa mwenye mitumbwi, aliyekuwa na kifua cha kupiga kasia na namna moja tu ya kupigana: alikuja mbio, kichwa chini, akakuzoa kama mzigo. Akikushika, umekwisha. Na alitushika sote.

Jirani yetu, mshona nyavu, mkimbizi kama sisi, ndiye aliyenifundisha kungoja goti. Alikuwa ameketi na wavu mapajani, hata hakusimama.

"Anapokuja unafanya nini?"

"Nakwepa."

"Ndiyo maana mnaliwa. Simama. Fungua mikono kama mjinga. Usimtazame macho, macho yanadanganya. Tazama goti la mbele. Likiwa bado limekunjwa, ukiingia atakulalia mgongoni. Likishanyooka, litakukuta mdomoni. Ingia likiwa katikati. Bega lako chini ya paja lake, mkono kisigino, kisha simama tu. Yeye mwenyewe atajirusha."

"Nitajuaje kwamba ni katikati?"

"Hutajua. Mwili utajua, ukishapigwa vya kutosha."

Nilipigwa vya kutosha. Watoto wenzangu walinikimbilia mmoja baada ya mwingine penye kijito, nami nikawahi, nikachelewa, nikala mchanga mweusi na mavi ya bata. Siku moja goti lilinikuta kama nilivyoahidiwa, na jino la mbele likabaki kwenye tope. Nililitafuta kwa vidole, kana kwamba lingerudishwa.

Bibi alinisukutulisha maji ya chumvi, kisha akanipa ugali wa muhogo na maharage ya mawese, akanitazama nikitafuna kwa upande mmoja.

"Ewe mwana wanje, meno hayaoti mara ya tatu."

"Ni kwa ajili ya mchanga, bibi."

Angeweza kunikataza na hakunikataza, kwa sababu asubuhi hiyohiyo mnunuzi alikuwa ameshika dagaa wake, akawanusa, akawarudisha kwenye gunia mbele ya watu na kumwambia, "Mama, hawa hata kuku watauliza." Bibi alikuwa mtu safi. Alifagia hata mahali pasipo pake. Kuuza kitu kinachochekwa na watu kulimuuma kuliko njaa, nami niliutaka mchanga ule mweupe kwa ajili yake kama mtoto mwingine atakavyo viatu.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri yenye upepo. Mwalo ulijaa. Msimulizi wa msibani pale Bangwe husema kwamba watu elfu walihudhuria. Mimi nasema walikuwa wale walioishi karibu, pamoja na wachuuzi wa miwa. Wenzangu walikwisha kubwagwa wote. Nilipoingia, vijana wa kaskazini walipiga mluzi.

"Mtoto wa kukimbia! Leo kimbia basi!"

"Kibogoyo huyo! Mpeni uji!"

"Mwacheni aje," mtoto mmoja wa upande wetu alijibu. "Maneno hayabwagi mtu!"

Nilisimama wima, nikafungua mikono kama mjinga. Walicheka sana. Mtoto wa mwenye mitumbwi naye alicheka, kisha akainamisha kichwa, akaja. Sikuona uso wake. Niliona goti, limekunjwa, linapanda, linaanza kufunguka, na kabla sijaamua lolote nilikuwa tayari chini yake, kisigino chake mkononi mwangu, nami nasimama. Alipita juu ya mgongo wangu akiwa mwepesi kuliko nilivyotazamia. Kisha nilisikia mtulinga wake ukivunjika, mlio mfupi kama wa kuni mbichi.

Hakuna aliyeshangilia, hata upande wetu. Mama yake alikuja akipiga magoti mchangani. Mzee wa mwalo aliuinua mkono wangu kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota kitu kilichoanguka chooni, akasema, "Wageni." Basi. Sheria ilikuwa sheria.

Giza liliporudi tulihamia kaskazini. Bibi aliamka mapema kuliko wote, akapafagia mahali pake, akaokota kila jani, akapasawazisha kwa kiganja. Aliweka karai lake pembeni, akakaa, miguu ameinyoosha, akitazama mitumbwi ikirudi. Sijawahi kumwona ametulia namna ile, kabla yake wala baada yake.

Mitumbwi ilifika. Aliyegawa dagaa kwa wanunuzi alikuwa mke wa mwenye mitumbwi, mama wa yule kijana. Sisi sote, kwa muda wote tuliokuwa tukisaga meno kwa ajili ya mchanga, hatukuwa tumelifikiria jambo hilo hata mara moja. Bibi alisogea na karai lake. Kwa umri, yule mama ndiye aliyestahili kutoa shikamoo. Hakuitoa. Bibi akaanza yeye.

"Habari za kuamka, mama. Kijana anaendeleaje?"

Mama yule alitazama ziwa. "Leo dagaa wamekwisha."

Mtumbwi ulikuwa umejaa hadi kwenye kingo. Dagaa wengine walikuwa bado wanaruka.

"Nawaona, mama," bibi alisema taratibu.

"Si mlitaka mchanga? Mchanga mnao. Anikeni mchanga."

Kina mama wa kaskazini, waliofukuzwa na ushindi wangu hadi penye bata, waliangua kicheko, nacho hakikuwa cha furaha. Wenye mitumbwi wengine nao hawakutuuzia, kwa maana karabai zao waliziazima kwa mume wake. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na siku iliyofuata. Dagaa walianikwa penye kijito, katika uchafu, na wenyeji waliridhika kuwaona wakiharibika kuliko kuona dagaa mmoja akikauka juu ya mchanga tuliokuwa tumeushinda. Wakimbizi wenzetu walianza kurudi kusini, mmoja leo, wawili kesho, na kila aliyerudi aliuziwa papo hapo. Bibi alibaki. Kila asubuhi alifagia, akasawazisha, akakaa mbele ya mchanga mweupe usio na kitu juu yake. Nyumbani tulikula muhogo mkavu.

Kisha asubuhi moja alifika pale, hakufagia. Alilichukua karai akaliweka kichwani pangu.

"Tunakwenda wapi?"

"Kijitoni."

"Bibi, tulishinda!" Nililia kwa sauti, na watu waligeuka.

"Tulishinda, urumva, unasikia? Tulishinda. Sasa shika karai."

Tukavuka mwalo wote, kutoka upande hadi upande, mbele ya macho yao. Mke wa mwenye mitumbwi alimmiminia bibi dagaa hadi wakafurika, bila kumtazama. Nilitarajia huruma usoni mwake, au hata aibu. Palikuwa na kuridhika tu. Sikumsamehe siku ile, na ingawa alikwisha kufa zamani, sijapata sababu ya kubadili hukumu hiyo.

Mbalamwezi iliyofuata hapakuwa na mieleka. Mzee wa mwalo alitangaza kwamba mchezo umeingiwa na ubaya. Mshona nyavu aliondoka na lori la kwenda makazini. Wapo wanaosema alifukuzwa kwa sababu ya alichonifundisha, na wapo wanaosema alijiandikisha mwenyewe. Sina shahidi, kwa hiyo sisemi. Bibi alianika penye kijito hadi nguvu zilipomwishia, akafa akiwa bado ananuka dagaa, akiwa bado safi kuliko watu wote walionunua kwake.

Hivyo basi, inalipa au hailipi? Nimekuwa mwalimu wa historia kwa muda mrefu, na sipendi maswali yanayotaka jibu moja. Pigo lenyewe lilitimiza kila lilichoahidi: lilimwangusha aliyepaswa kuanguka, na mchanga tukapewa. Kosa halikuwa katika goti. Tulijifunza kwa damu kulipima goti la mtoto, tukasahau kumpima mtu aliyegawa dagaa, na hilo hakuna mshona nyavu aliyenifundisha.

Mwaka huu nilikwenda Bangwe kwa makusudi. Mwalo wetu haupo. Ziwa limepanda, limefunika kaskazini na kusini pamoja, na mitumbwi inafungwa kwenye nguzo za nyumba zilizohamwa. Wengine waliokuwa wamesimama pale walisikitika kwa sauti, wakitaja mambo mazuri ya zamani ambayo baadhi yake nina hakika hayakutokea. Mimi nilivua viatu, nikaingia majini hadi kwenye vifundo vya miguu, nikayatafuta masikitiko yangu, nisiyapate. Ziwa liliuchukua mchanga ule bila kumwomba mtu ruhusa, na halikumpa mwingine. Hiyo ndiyo haki ya kwanza niliyoishuhudia mahali pale.