Kifuko Kilichokataa Kuteleza

Siku yangu ya kwanza kazini hapo Garsen, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilimwonyesha bosi goti langu bovu. Nilikuwa nimesikia anaitwa Daktari.

"Mimi ni daktari wa hesabu, bwana," akasema. "Kunjua suruali, ukatie jenereta mafuta."

Nyinyi mna kompyuta mfukoni, hamjui tabu. Yetu ilijaza meza, na hesabu moja ilichukua siku mbili. Jenereta ikizimika, mnaanza upya. Kazi ilikuwa kuiga kwenye kompyuta jinsi vifuko laini, vyenye utando mwembamba wa mafuta kama wa chembe za damu, vinavyokwenda ndani ya maji yanayotiririka. Kifuko chenye kimiminika chepesi ndani hakipinduki: hulala mshazari, ngozi yake ikiteleza kukizunguka. Chenye kizito hubingirika kizimakizima. Uzito huo, ule unaotofautisha maji na asali, Daktari aliuita mnato.

Mkurugenzi wa mradi akatuma habari kwamba anakuja Ijumaa. Akikuta hesabu haioani na jaribio halisi la kuonekana kwa macho, mradi unafungwa na sote tunakwenda nyumbani. Mimi nilikuwa na watoto wanne kule Wenje.

Tukatengeneza mfereji wa mbao, maana kufanya jaribio mtoni ni kuwaandalia mamba chakula. Kompyuta ilishasema kifuko chenye maziwa mabichi kitateleza. Jumapili nikatumwa kwa Mama Hawo, mama wa Kiorma aliyekuwa akituuzia maziwa, nikayalete tuyatie kwenye mfuko mwembamba wa plastiki.

Sasa sikieni aibu yangu. Jua lilikuwa kali, na maziwa yale, jamani, yalikuwa matamu! Niliyamaliza njiani. Kurudi kwa Mama Hawo? Angenitangaza Garsen nzima. Nilikuwa na kibuyu changu cha maziwa lala, yale yaliyoganda, basi nikajazia mfuko hayo. Nikajiambia, maziwa lala si maziwa?

Kifuko kikabingirika. Daktari akarudia. Kikabingirika tena. Siku tatu hakula vizuri, akipekua hesabu mstari kwa mstari, nami nikimletea chai tu. Jumatano nikamkuta kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta.

"Kazi ya miaka sita," akasema. "Nimekosea, na sijui wapi."

Weee! Nikaudaka mkono wake.

"Usifute, Daktari! Maziwa niliyanywa mimi. Mle ndani mna maziwa lala."

Akanikodolea macho. Nilishajiona njiani kurudi Wenje.

"Mazito kiasi gani?"

"Yale ya kusimamisha kijiko."

Akabadilisha mnato, akaanzisha hesabu upya. Siku mbili sikubanduka kwenye jenereta. Ijumaa Mkurugenzi akasimama nyuma yetu, na kwenye kioo cha kompyuta kifuko kikabingirika vilevile kama mfereji ulivyoonyesha.

"Wazo la maziwa lala ni la nani?" akauliza.

"La huyu," Daktari akajibu bila kucheka. "Alijitolea."

Mradi ukaendelea. Sasa nimestaafu, na kunywa yale maziwa hakuniumizi. Kinachoniuma ni zile siku tatu nilizomwacha mtu mzima ajilaumu kwa kosa langu. Daktari hakunikaripia hata siku moja. Alipohamishwa tu ndipo alipomwachia bosi mpya barua kunihusu, nami nikaisoma: "Kosa lake hulisema mwenyewe, ukimsubiri. Maziwa usimtume."