Kinyozi Anayengoja Fainali

Kinyozi wa pale kona wiki hii hanyoi, anahutubia. Jumamosi ni fainali ya kufunga msimu wa zile mbio ambazo magari mawili huchomoka sambamba kwenye njia iliyonyooka, na kabla hujapepesa jicho yameshafika. Kila kichwa kikiingia, mashine yake huanzia kisogoni, kisha hukwama hewani huku mkono wa pili ukionyesha jinsi tairi linavyong'ata lami. "Dereva wetu anachelewa kuachia klachi," husema kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa. "Ningekuwa mimi pale!" Wateja huitikia, maana wembe uko shingoni.

Leo asubuhi mama mwenye duka la jirani alisimama mlangoni. "Mwanangu, hili gari limeniziba njia." Mwenye gari, aliyekuwa kitini kanyolewa nusu kichwa, akamrushia kinyozi funguo. "Lisogeze, kaka. Wewe si ndiye bingwa?" Benchi zima likageuka. Kinyozi alifuta mikono kwenye aproni, akafuta tena, akaingia, akafunga mkanda. Miguuni kulikuwa na pedali tatu, na hakujua aanze na ipi. Jasho likamchuruzika hadi kwenye kola. Akatoa kichwa dirishani. "Injini baridi haiwashwi hovyo. Sukumeni!" Wakasukuma mpaka mishipa ikawatoka, gari likagoma pale pale. Mwenye gari akatoka na kitambaa chake shingoni. "Kaka, hujashusha breki ya mkono."

"Najua," kinyozi alisema, macho mbele. "Nilikuwa nawapima nguvu."