Majina ya Kilima na Bakuli

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha hesabu katika sekondari moja ya Arua, upande wa kwenda Manibe. Kompyuta ya shule ilikuwa moja tu, msaada kutoka ng'ambo, na ilikaa ofisini kwa katibu wetu, mama wa Koboko, binti wa mwanajeshi, aliyejifunza kupiga taipu kambini akiwa msichana. Hesabu aliiacha darasa la saba na hakuona sababu ya kuirudia. Lakini kwa kuchapa milinganyo hakuna aliyemfikia. Nilimpa mwandiko wangu mbaya, naye akautoa kwenye printa umenyooka, kila kipeo kimekaa begani pa herufi yake.

Shida ilikuwa grafu. Programu ya hesabu ilizichora vizuri sana, ila kuandika haikujua. Ukitaka kipeo, iliweka x, kisha kikofia, kisha mbili, vyote kwenye mstari mmoja. Wanafunzi waliniuliza kile kikofia kinafanya nini, na mmoja alikitafutia thamani.

Basi tukawa tunakata na kubandika. Mama alichapa mlinganyo katika programu yake ya kuandikia, nikaukata kwa wembe, nikaubandika juu ya grafu kwa uji wa muhogo. Mende waliupenda uji huo. Asubuhi moja tulikuta wamekula alama ya kipeuo na nusu ya namba ya sehemu.

Ndipo nikasoma kitabu cha ile programu, nikakuta kwamba inakubali picha. Nikamwomba mama auhifadhi mlinganyo kama picha, kisha nikaandika amri ya kuuita kwenye grafu, nikitaja ukae wapi na uwe na upana gani. Mara ya kwanza ulikuja mkubwa ukafunika grafu nzima. Mara ya pili hatukuuona kabisa. Mama alichukua kitambaa akafuta doa kwenye kona ya kioo cha kompyuta, akafuta tena, doa likagoma kutoka. Lilikuwa mlinganyo wetu. Mara ya tatu ukakaa panapotakiwa, wa kiasi, na vipeo vyake vyote. Mama alichapisha nakala moja ya ziada akaibandika ukutani, karibu na kalenda.

Muhula uliofuata tulitunga mtihani wa majaribio pamoja na shule moja ya Koboko. Grafu zilikuwa kumi na mbili. Nilizipa majina yake, yaani milinganyo, mbio mbio, nikijiona fundi, nikamwachia mama achapishe. Alipofika ya tano akasimamisha printa.

"Mwalimu, hii jina si ya hii picha," alisema.

Nilimjibu kwa upole wa mtu anayejiona anajua, kwamba hayo ni mambo ya hesabu, aniachie mimi.

"Hesabu mimi sijui. Majina najua, ni mimi nilichapa. Ile ya kilima iko na kamstari mbele. Hii picha iko bakuli."

Nikainama kutazama. Alama ya kutoa ilikuwa imesimama mbele ya x, na grafu iliyokuwa chini yake ilikuwa wazi kwa juu kama bakuli la supu. Nilikuwa nimempa bakuli jina la kilima. Nikakagua zote, nikakuta nyingine mbili zina majina yasiyo yake vivyo hivyo. Niliona haya, maana hilo ndilo somo nililokuwa nimefundisha wiki ile ile.

Mtihani ulifika Koboko kwa wakati. Mwalimu wa kule alituma salamu za kusifu maandishi ya kwenye grafu, nami nikampelekea mama salamu zake. Akaniuliza kamstari kadogo vile kanapinduaje kilima kizima. Nilivuta kiti chake nikakaa, nikaweka namba tatu mahali pa x nyuma ya karatasi iliyoharibika, nikimwonyesha moja moja. Ya nne alichukua kalamu akaifanya mwenyewe, akapata. Aliitazama kidogo, kisha akaniambia niinuke kwenye kiti, barua ya mkuu wa shule ilikuwa bado haijachapwa.