Barua Isiyotaja Jina la Mkwe

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema kwa sababu wenzangu wakikumbuka miaka ile ya kuhamia vijijini hujipamba kidogo: huyu alimjibu mkubwa fulani, yule aligoma kupanda lori. Mimi sikumjibu mtu. Watu walipoletwa na malori wakashushwa na magodoro na kuku wao jirani na nyumba yetu, nilisimama mlangoni nikasema karibuni, karibuni.

Sisi hatukuhamishwa. Mstari wa kijiji kipya, ule uliopimwa kwa kamba huku upande wa Ilongero, ulipita palepale ilipokuwa tembe ya mama mkwe wangu. Ilikuwa nyumba ya zamani, kuta za miti na udongo, na paa bapa la udongo ulioshindiliwa. Mtama tuliuanika juu yake, na kila mvua zikikaribia nilipanda kuziba nyufa. Mama mkwe alikuwa haoni tena. Nyumba ile aliijua kwa viganja. Kitanda chake kiliegemea ukuta wa magharibi, kwa kuwa ukuta ule ulishika joto la jua la alasiri na mifupa yake ilikuwa inamsumbua. Mume wangu alikuwa Manyoni kwenye kazi ya barabara, akija mara mbili kwa mwaka. Basi tulikuwa wawili tu, yeye na macho yake yaliyozimika, mimi na darasa langu la saba, lililonipatia kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima.

Jirani yetu wa magharibi alikuwa mdogo wa marehemu baba mkwe wangu. Ndiye pia aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Mwaka ule kulikuwa na kampeni ya nyumba bora, na yeye akawa mtu wa kwanza kijijini kupata bati. Zililetwa na lori kutoka mjini, zikapangwa uani kwake, na jua likiwaka ziliumiza macho ya mtaa mzima. Akapeleka ombi kwenye kamati ya kijiji ajenge nyumba mpya. Kabla ombi halijajadiliwa, fundi wake alikuwa ameshachomeka vigingi na kufunga kamba.

Nilikwenda kuangalia vile vigingi siku ambayo mwenyewe hakuwepo. Kutoka kigingi cha mwisho hadi ukuta wetu palikuwa na hatua mbili. Nikamuuliza fundi paa litakuwa la namna gani.

"La mteremko mmoja, mama. Bati hazitoshi kwa miteremko miwili."

"Na maji yatashukia wapi?"

"Huku kwenu," akasema bila kuinua kichwa. "Kule mbele anataka baraza."

Hapo niliogopa. Aliyeishi kwenye tembe ananielewa. Ukuta wa udongo huvumilia mvua inayotoka mbinguni, maana hiyo huja imetawanyika. Maji ya paa zima la bati yakimwagwa mahali pamoja, ukuta haumalizi msimu. Na nyuma ya ukuta huo alilala mama mkwe wangu, ambaye hata akisikia udongo unateleza asingejua akimbilie wapi.

Kwa nini sikwenda kumwambia tu? Pale nilipoolewa, mke hazungumzi na mkwe wake wa kiume ana kwa ana. Hamtazami usoni wala hampi kitu mkononi, anakiweka chini na kurudi nyuma, naye ndipo huja akakiokota. Na jina lake halitaji. Si la baba mkwe peke yake, hata la ndugu zake. Balozi yule nilimwita "baba wa kule" miaka yote, na jina lake lilipoitwa kwenye mikutano niliinamisha kichwa. Mke akilitaja, walisema, ng'ombe wa ukoo hutupa mimba. Tena aibu haimpati yeye kwanza. Inampata mama mkwe, kwamba alipewa mtoto wa watu akashindwa kumfunza.

Mama mkwe nilimweleza habari ya bati. Alipapasa ukuta wake kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa.

"Mama, ningeomba wewe useme naye." nikamwambia. " Wewe ni shemeji yake."

"Huyu alinilimia shamba mwaka niliofiwa," akasema. "Siwezi kwenda kumshtaki. Andika wewe barua yenu hiyo ya kisomo. Lakini asitajwe, mwanangu. Heri ukuta uniangukie kuliko niambiwe sikukufunza."

Nikaandika. Utaratibu wa kamati ulikuwa kwamba mwenye pingamizi alete barua, na kila barua ipitie kwa balozi wake atie saini. Balozi wangu ndiye huyo huyo niliyekuwa nampinga. Nilichana karatasi tatu. Jina sikuliandika, hilo halikuwa na mjadala. Lakini kila nilipoandika neno "bati" mkono uliganda, maana kijiji kizima mwenye bati alikuwa mmoja, na kuandika bati kulikuwa sawasawa na kumtaja. Nikaliondoa. Nikaondoa na magharibi. Mwishowe barua ikasema kwamba jirani yetu anayetaka kujenga karibu nasi apewe kiwanja kingine, kwa sababu maji ya paa lake yatatuharibia ukuta. Niliiona ni barua ya adabu kabisa.

Sitaki kujificha nyuma ya mila peke yake. Nilikuwa naogopa na mengine. Kulikuwa na mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliyesema hadharani kwamba hataki kuhama. Land Rover ilikuja kumchukua. Aliporudi baada ya wiki kadhaa hakusimulia kitu, ila kila akisikia mlio wa gari alikuwa anasimama, hata kama yuko katikati ya kula. Nami nilikuwa naandika barua kupinga nyumba bora, wakati wa kampeni ya nyumba bora. Nilijiona tayari nimeitwa mpinga maendeleo.

Asubuhi nikaenda kwa balozi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, karibu na bati zake. Nikapiga goti kwa mbali, nikageuza uso, nikaiweka barua chini na kuiwekea kijiwe isipeperushwe. Nikarudi nyuma. Nikamsikia anainuka, anaokota, anasoma kwa sauti ya chini kama wasomavyo watu waliojifunza ukubwani. Nilingoja kelele. Badala yake nikasikia kalamu.

"Mkwe, umeandika vizuri," akasema. "Nitaipeleka mwenyewe."

Nilikimbia nyumbani nusu nafurahi. Nilidhani amejitambua, ameona haya, atasogeza vigingi kimyakimya. Hivyo ndivyo mwoga anavyopenda mambo yaishe.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa ghala la kijiji. Mama mkwe alibaki nyumbani. Mwenyekiti, mtu aliyetoka nje ya wilaya na asiyejua mila za kwetu, alisoma maombi mawili ya kujenga katika safu yetu. La kwanza la balozi. La pili lilikuwa la jirani yetu wa mashariki, mmoja wa wale walioshushwa na malori. Tangu aje alikuwa anaishi na mke na watoto katika kibanda cha nyasi ambacho upepo ulikipekua kila jioni, naye aliomba ajenge nyumba ya udongo palepale kabla ya mvua. Sikuwa hata na habari kwamba ameomba.

Kisha katibu akasoma barua yangu. Jirani yetu anayetaka kujenga karibu nasi. Chini yake, akasema katibu, balozi ameandika: "Imepitia kwangu. Naunga mkono."

Kwa saini hiyo, jirani aliyebaki kupingwa alikuwa yule wa mashariki. Mpaka leo sijui kama mkwe wangu alifanya ujanja au kweli alidhani namsema mwingine. Mtu mwenye bati na ubalozi pengine hapati kabisa wazo kwamba mke wa mtoto wao anaweza kumpinga. Alikuwa amekaa benchi la mbele, kofia magotini, ametulia.

"Pingamizi limekubaliwa," mwenyekiti akasema. "Ndugu huyu wa kibanda atahamia kule mwisho, mbugani."

Kule mbugani maji yalisimama mpaka magotini kila masika, na kila mtu pale alilijua hilo. Yule baba hakubisha. Aligeuka akanitafuta kwa macho katikati ya wanawake.

"Mama mwalimu," akaniambia, "nimekukosea nini?"

Naandika hivi kwa aibu: nilikaa kimya muda wa kutosha kumwona katibu akiandika mstari mzima. Nilingoja mtu mwingine aseme. Wanawake waliokuwa karibu nami walijua vizuri ukuta upi unaotishwa na bati za nani, wengine walikuwa wamekwenda kuviangalia vile vigingi kwa macho yao. Lakini wote walikuwa wa nyumba kumi zake. Bila yeye hupati barua ya kusafiri, na siku sukari ikifika dukani yeye ndiye anayesema nani ni wa kaya gani. Wakaangalia chini.

Nikasimama.

"Si yeye," nikasema.

"Nani, basi, ndugu mwalimu?" mwenyekiti akauliza.

"Ni yule mwingine."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Kamati haiandiki 'yule mwingine'. Barua ni yako. Taja jina."

"Anajulikana, ndugu mwenyekiti."

"Anajulikana na nani? Mimi simjui. Hapa tunajenga taifa, mambo ya kufichana majina tumeyaacha huko tulikotoka. Jina, au barua inabaki kama ilivyosomwa."

Nilimwona katibu ameinua kalamu. Nilimwona yule baba wa kibanda bado ananiangalia. Nilifikiri juu ya mama mkwe na kitanda chake, nikafikiri pia juu ya alichoniambia, na vitu hivyo viwili havikukaa pamoja kichwani mwangu. Nikafumba macho nikalitaja. Jina la kwanza na la baba yake, yote mawili, ili katibu aandike. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Kicheko kilikatika. Mwanamke mmoja akajifunika uso kwa kanga. Mkwe wangu, mtu wa kampeni, aliyekuwa akituhubiria kila wiki kwamba mila za giza zimepitwa na wakati, aliinuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alivaa kofia yake, akaliacha benchi, akaondoka uwanjani akipita kando ya watu bila kumsalimu yeyote. Mwenyekiti akamwita mara mbili. Kisha, kwa kuwa mwombaji ameondoka bila kujitetea, akaamuru vigingi ving'olewe na balozi apimiwe kiwanja karibu na barabara. Ndugu wa kibanda ajenge palepale. Ilichukua dakika chache tu, nami sikufurahi hata kidogo.

Habari ilinitangulia nyumbani. Mama mkwe alikuwa amekaa nje, fimbo magotini.

"Umelitaja?"

"Nimelitaja, mama."

"Mbele ya wanaume?"

"Mbele ya wote. Walitaka kumhamishia mbugani yule mwenye watoto. Na huku ukuta wako..."

"Ukuta wangu," akasema. Akarudia tena polepole, "Ukuta wangu." Akaingia ndani akipapasa.

Wiki zilizofuata nilikuwa kama yule mzee wa kijiji cha jirani. Nikisikia gari nasimama. Siku moja Land Rover ilisimama kweli mbele ya ghala, nikakimbilia shambani na kujilaza kwenye mtama, na kumbe alikuwa bwana shamba ameleta mbegu. Hakuna aliyekuja kunichukua. Balozi alijenga kule barabarani, nyumba nzuri, na hakutujia tena. Yule baba wa kibanda alimaliza kuta zake kabla ya mvua, na mke wake aliniletea mboga za mlenda zaidi ya mara moja.

Ila mama mkwe alikuwa amebadilika. Alikula nilichopika, alijibu nilichouliza, na nikiingia alinyamaza. Kwanza nilidhani ni hasira. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa ananiogopa. Mimi, niliyekuwa naogopa hata mlio wa gari. Kwa macho yake yasiyoona alikuwa amefungiwa nyumba moja na mtu ambaye hajui tena atathubutu nini.

Alituma ujumbe kwa binti yake aliyeolewa Ihanja aje kumchukua. Binti akaja na mkokoteni wa ng'ombe asubuhi moja, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika. Tulimpandisha tukamkalisha juu ya majani. Nikapiga goti kando ya gurudumu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Nikangoja. Binti akadhani hakusikia, akamwinamia.

"Mama, mke wa kaka anakuamkia."

"Nimemsikia," akasema mama mkwe. "Twende."